Pedi ya Pili

PlayStation 2 ina matundu mawili ya pedi usoni, lakini boksi la kiwandani lilikuja na pedi moja. Ndivyo Sony walivyoiuza tangu Machi 2000 ilipotoka kwa mara ya kwanza Japani. Ya pili ilikuwa juu ya mnunuzi. Kwa nyumba nyingi za Tokyo au London jambo hilo halikuwa na uzito: mtoto angecheza peke yake wiki kadhaa, kisha siku ya kuzaliwa ikifika angeletewa nyingine. Kwa Kimuli, kwetu mkoani Kagera, PlayStation ya pedi moja ni mzigo ambao haujafika wote. Hakuna kijana atakayetoa sarafu yake kwenye banda la gemu ili acheze na mashine. Anatoa sarafu amfunge jirani yake, mbele ya watu wanaowajua wote wawili.

Mimi naishi Dar es Salaam, na jamaa zangu wa Kimuli, kule Kyerwa, wanajua kwamba Kariakoo ni daladala moja tu kutoka ninapokaa. Kwa hiyo natumwa. Simu huanza na salamu, zikafuata habari za migomba, habari za kahawa, nani anaumwa, nani amejifungua. Dada yangu akimaliza, mpwa wangu anaomba simu. "Shikamoo, mjomba. Ile mashine ukiipata kwa bei nzuri ichukue. Ila mjomba, pedi ziwe mbili." Haulizi ina gemu gani, wala rangi, wala kama ni mpya. Nimekuwa nikiufikiria mpangilio huo wa maombi kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoufikiria ndivyo ninavyoona kwamba mpwa wangu anaielewa mashine hii kuliko watu wengi wanaoiandikia makala.

Mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokaa pamoja. Waya wa pedi una urefu wa kumweka mchezaji kwenye kochi, au kwenye benchi, bega kwa bega na mpinzani wake. Plagi yake ni ileile ya PlayStation ya kwanza ya mwaka 1994, kwa hiyo pedi nyingi za mashine ile ya zamani zinaingia kwenye hii na zinafanya kazi. Ndiyo maana pedi zake zimejaa duniani. PlayStation 3 ilipokuja mwaka 2006 waya ukaondolewa, betri ikawekwa ndani, na mpinzani akahamia kwenye intaneti. Leo yapo magemu makubwa yanayouzwa bei kubwa ambayo watu wawili hawawezi kuyacheza sebule moja. Kila mmoja anatakiwa awe na mashine yake, televisheni yake, bando lake. Maendeleo hayo yanapita juu ya paa la Kimuli kama ndege iendayo Entebbe.

Waya una faida nyingine. Haudai chaji. Umeme wa kwetu una historia yake: kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuwa kwenye gridi ya taifa, ukapata umeme wa kununua Uganda, na hata kituo cha umeme wa maji cha Kikagati na Murongo, megawati 14 kwenye Mto Kagera mpakani kabisa mwa wilaya, umeme wake unagawanywa kati ya nchi mbili. Umeme ukirudi usiku, mwenye banda hana muda wa kusubiri betri za pedi zijae. Anachomeka, anawasha, mechi inaanza. Mechi iliyokatika kipindi cha pili ina sheria zake, na kila banda lina sheria yake. Nimewahi kusikiliza mabishano juu ya hilo ambayo wakili angejifunza kitu.

Bandani kwenyewe utakuta televisheni ya chogo, mabenchi mawili, na mlango uliozibwa kwa khanga ili jua lisipige kwenye kioo. Anayefungwa anapisha, anayeshinda anakaa. Anayetaka kumvaa mshindi anaweka sarafu yake juu ya televisheni, na safu ya sarafu ndiyo foleni. Hakuna anayeiba sarafu hizo. Wanaocheza ni wawili, lakini wanaopanga timu ni kumi, na wote wanajua kwamba krosi ile haikupaswa kupigwa. Mtangazaji ndani ya mashine anasema Kiingereza chake, na hakuna anayemsikia kwa sababu utangazaji wa kweli unafanyika kwenye mabenchi, kwa Kiswahili na Kinyambo.

Mpira wanaoucheza ni wa zamani. FIFA 14, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo ya mwisho kutengenezewa PS2, na Konami nao wakamalizia na PES 2014 mwaka huohuo. Tangu hapo usajili umefungwa. Messi yuko Barcelona, Ronaldo yuko Real Madrid, na ndivyo itakavyokuwa daima. Mbwana Samatta alikwenda Genk Januari 2016, na Aston Villa Januari 2020, wakati diski zilikuwa zimeshachapwa zamani. Kijana wa Kimuli anayemtaka Samatta lazima amtengeneze: achague uso unaokaribiana, aandike jina, ampe mguu wa kulia na kasi, kisha amhifadhi kwenye memori kadi. Nimeona hilo likifanyika, na nilipenda sana subira iliyotumika kuandika herufi moja moja kwa mshale wa pedi. Hapo ndipo memori kadi inapopata thamani yake. Memori kadi ikifa, Samatta anapotea nayo.

Bei ya chini tunayofurahia leo ilitayarishwa polepole na watu ambao hawakuwa wakitufikiria. Marekani, PS2 ilianza kuuzwa kwa dola 299 mwaka 2000. Ikashuka hadi 199 mwaka 2002, 149 mwaka 2004, na 99 mwaka 2009. Kila iliposhuka iliingia nyumba ambazo awali haikuweza, hadi zikafika mashine zaidi ya milioni 155 duniani. Mwishoni mwa Desemba 2012 Sony wakaacha kuisambaza Japani, na siku chache baadaye, Januari 2013, ikajulikana kwamba uzalishaji umesimama duniani kote. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, katikati ya habari hizo mbili, mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam. Watu wenye uwezo wakatafuta ving'amuzi na televisheni bapa, na televisheni za chogo zikaanza safari ya kwenda mikoani. Mwaka huohuo wa 2012 wilaya ya Kyerwa ilizaliwa kwa kumegwa kutoka Karagwe. Sidai kwamba mambo haya yalipangwa pamoja. Lakini nikilitazama banda la Kimuli ninaona jinsi yalivyokutana: mashine ambayo wenye nayo walimalizana nayo, kioo ambacho wenye nacho walikichoka, na wilaya changa yenye vijana wengi na jioni ndefu.

Vifaa hivi vinafika Kimuli kwa njia mbili. Ya kwanza ni Dar, ambako kontena la vitu vilivyotumika hufunguliwa, mzigo ukatawanyika Kariakoo, kisha ukapanda basi kupita Dodoma, Singida na Kahama. Ya pili ni Kampala, ambayo ukiwa Kyerwa iko karibu zaidi kuliko Dar, na wafanyabiashara wa mpakani wanaijua mitaa yake vizuri.

Kariakoo mnunuzi anapokewa na winga, dalali wa mtaani, kabla hajafika dukani. "Karibu kaka, unatafuta nini? PS? Ninayo used ya Dubai, haijaguswa, boksi lake lipo." Bei inatajwa hapohapo, na punguzo linatajwa kabla hujaliomba. Mimi siijibu bei. Naomba mashine igeuzwe juu chini, nisome kibandiko. Namba inaanza na SCPH, na kama ni ile nyembamba, tarakimu zinazofuata zinasema mengi kuliko winga. Zilizoanza na 7 zina adapta ya nje ya volti 8.5, na mtu akichomeka adapta ya volti 12 ya king'amuzi kwa kuwa tundu linafanana, ameimaliza. Zilizoanza na 9 zina adapta ndani, jambo zuri kwa kijijini kwa sababu hakuna kitu cha kupotea. Ila za mwisho katika kundi hilo hazikubali ile memori kadi maalumu inayoruhusu gemu kusomwa kutoka kwenye flashi. Mwenye banda anayetegemea flashi akipelekewa mashine hiyo, umempelekea mapambo.

Kisha naomba iwashwe, diski iingizwe, na makelele ya mtaani yakiruhusu nainama nisikilize. Lenzi nzima inavuta pumzi mara moja na kuanza kusoma. Lenzi iliyochoka inatafuta, inarudi, inatafuta tena, na utasikia kijimlio chepesi cha kukwaruza kabla picha haijaja. Pedi nazipima kwa mkono. Ya asili ina mota mbili za kutetemeka, moja kwa kila upande, na uzito wake unausikia kiganjani. Feki ni nyepesi na plastiki yake inalia ukiikamua. Vijiti viwili vya kuelekezea navizungusha hadi mwisho wa pande zote na kuviachia. Kisiporudi katikati chenyewe, mchezaji wako atakuwa anatembea kuelekea kona bila kuguswa. Na memori kadi za megabaiti 128 zinazouzwa bei chee siziamini. Ile ya Sony ya megabaiti 8, hata ikiwa imechubuka, inashika.

Baada ya hapo ndipo tunaongea pesa. Mara nyingi bei ya pedi ya pili ya asili inakaribia kunishawishi nichukue feki, kwa sababu ndiyo bei inayoumiza: mashine yenyewe imeshuka sana, na kifaa kidogo pembeni yake kimebaki juu. Hapo ndipo nisipobana. Mashine naweza kuichukua yenye mikwaruzo, isiyo na boksi, hata yenye mfuniko uliopasuka na kuungwa kwa gundi. Lakini mchezaji wa pili akipewa pedi mbovu, mechi si ya haki, na banda lenye mechi zisizo za haki halidumu. Vijana wanajua upande upi wa benchi una pedi nzuri, na ugomvi wa kugombania upande huo nimeuona kwa macho yangu.

Yapo mapunguzo mengine, yale ya kwenye simu. Mpwa wangu huyaona: gemu fulani asilimia 80, wiki hii tu. Ni ya duka la Sony la mtandaoni, ambalo halisajili wateja wa Tanzania. Anayelitumia hujiandikisha kwa nchi nyingine na kutafuta kadi ya nchi hiyo. Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao wa PlayStation, gemu iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako mtandao wenyewe haupo. Ukitazama orodha ya namna hiyo unajua ramani ya dunia ya punguzo lile imechorwa vipi. Na hata aliyenunua hana uhakika. Nintendo walifunga maduka ya 3DS na Wii U Machi 2023, Microsoft wakafunga la Xbox 360 Julai 2024. Sony walitangaza mwaka 2021 kufunga maduka ya PS3 na Vita, watu wakapiga kelele, Sony wakarudi nyuma. Mwaka 2023 wakfu wa Marekani unaohifadhi historia ya magemu, Video Game History Foundation, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya magemu yaliyotoka nchini humo kabla ya 2010 hayapatikani tena kwa njia ya kawaida ya kununua. Diski iliyokwaruzika kwenye rafu ya Kimuli haimwombi mtu ruhusa kila jioni. Ninaithamini kwa sababu hiyo, na ningeithamini hata kama ingekuwa ghali.

Ni kweli kwamba diski nyingi za bandani ni za kuchoma. Sitaki kulipita hilo haraka. Kuna watu walikaa miaka wakichora mitaa ya gemu ya San Andreas na kuandika mienendo ya mabeki wa Konami, na wanastahili malipo ya kazi yao. Lakini nikinunua diski ya asili iliyotumika, hawapati hata senti. Ilishalipwa mara moja, zamani, na mtu wa mbali. Bado natafuta ya asili kila inapopatikana. Ililipiwa, na kwa hiyo naipeleka Kimuli bila kinyongo moyoni. Pia lenzi inaisoma kwa urahisi: diski ya kuchoma inarudisha mwanga hafifu, lenzi inafanya kazi ya ziada, na lenzi ndiyo roho ya mashine. Wanaokwepa diski kabisa wanatumia flashi, na hiyo ina tatizo lake, kwani tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza na linapitisha data taratibu. Mechi inachezeka, ila zile filamu fupi za mwanzo zinakatakata. Watoto wa Kimuli wanaamini ndivyo zilivyotengenezwa.

Kuna upande mwingine wa bei ya chini ambao mtu wa Kagera hawezi kuusahau. Kwetu kuna butura. Mkulima mwenye shida, ada ya shule au mgonjwa wodini, anauza kahawa yake ingali maua au kijani mtini, kwa bei ya anayenunua. Msimu ukifika anavuna mali ya mtu mwingine. Serikali imeipiga marufuku, vyama vya ushirika vimeisema, na bado wazee watakueleza miaka ambayo shamba lao liliwalisha watu wasiowajua. Nimekua nikijua kwamba anaposhangilia mtu aliyepata kitu kwa bei ya kutupa, yuko mwingine aliyelazimika kutupa.

Kwa hiyo Kariakoo nauliza mashine imetoka wapi. Ya kontena haina wa kumwonea huruma. Aliyeitoa stoo huko Ulaya alishaisahau. Lakini mara nyingine winga anakupeleka kwa kijana aliyesimama na mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko kuna mashine iliyofutwa vumbi vizuri, pedi zake zimefungwa nyaya kwa mpangilio, memori kadi bado ina majina. Huyo hauzi kwa sababu amechoka nayo. Ana kodi ya chumba, au nauli ya kurudi kwao. Winga atakunong'oneza kwamba ukikomaa atashuka, na ni kweli atashuka. Mimi hapo sikomai. Nalipa alichotaja, namwambia ahamishe michezo yake iliyohifadhiwa kama ana pa kuihamishia, na kama hana namwachia kadi yake. Wenzangu wananiambia nimepoteza punguzo. Nadhani punguzo hilo lilikuwa butura.

Wazazi wa Kimuli wana lawama zao juu ya mabanda, na lawama ya saa za shule ni ya haki. Mtendaji wa kata akifunga banda lililojaa sare saa nne asubuhi, namuunga mkono. Ila nasikitika mabanda yanapotiwa kapu moja na mashine za dubwi. Sarafu inayotumbukizwa kwenye dubwi imeingizwa na mtu aliyesimama peke yake, akiomba bahati, kwenye chombo kilichopangwa kwamba mwisho wa mwezi mwenye mashine ashinde. Sarafu iliyowekwa juu ya televisheni ya chogo imenunua dakika za kucheza na mtu, na aliyefungwa anajua amefungwa na nani na kwa kosa gani. Kesho atarudi amejifunza. Kama nina neno la kumwambia diwani, ni hilo.

Kinachonipa wasiwasi ni lenzi. Sony walifunga huduma ya kutengeneza PS2 Japani mwaka 2018, na kilichobaki ni mafundi. Wa kwetu ni fundi wa redio na simu, kibanda chake kina harufu ya risasi ya kulehemu, na alipoifungua mashine ya mwisho niliyopeleka hakunitazama hata mara moja. Alitoa skrubu, akazipanga mezani kwa umbo la mashine yenyewe ili ajue ipi inarudi wapi. Akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta jicho la lenzi kwa mzunguko mdogo, akasubiri ikauke, akajaribu diski. Ikakataa. Akachukua bisibisi nyembamba ya saa, akagusa kiskrubu kilichofichwa pembeni ya lenzi kinachoongeza nguvu ya mwanga, akakizungusha kiasi ambacho mimi sikuona kama kimesogea. Ikasoma. "Waitu, hii nimeikopesha umri," akaniambia. Kukiongeza kiskrubu kile kunaifanya lenzi ing'ae zaidi na kufa mapema.

Nilimuuliza nimletee nini safari ijayo. Nilitegemea aseme lenzi mpya, ambazo ni adimu, na zilizopo nyingi ni za kunakili. Alinionyesha boksi chini ya meza, lenye maganda ya mashine zilizofunguliwa: kutoka hii alichukua gia, kutoka ile utepe wa waya, kutoka nyingine raba za vitufe vya pedi. Anataka zilizokufa. Kariakoo zinauzwa kwa mafungu, zisizowaka, kwa bei ambayo winga anaona aibu kuitaja, na kwa kawaida huwa nazipita. Sasa nimeanza kuzikusanya. Ninazo kadhaa chini ya kitanda, na kwenye kila moja huwa nauliza kwanza kama pedi zake zipo.